Stesheni ndogo uani, mvua kubwa ya Nairobi

Leo tunatoka nje hadi uani, na kinachotutoa ni barua ya mama mmoja wa mtaa wa Buru Buru hapa Nairobi.

Mama huyo anaeleza kwamba kaka yake anayeishi Ujerumani aliwaletea watoto zawadi ya treni ya kuchezea. Si ile ndogo ya kuzunguka chini ya meza, bali ile kubwa ya bustanini, yenye reli za shaba zinazowekwa nje. Babu ya watoto hao alikuwa mkuu wa stesheni moja ndogo huko Ukambani kabla ya kustaafu, nao wakakata shauri kumjengea babu stesheni yake. Walikata kadibodi, wakaigandisha kwa gundi nyeupe na kuipaka rangi za shuleni. Milima waliifinyanga kwa magazeti yaliyorowekwa. Kazi hiyo ilikula likizo nzima ya Agosti. Mvua ya vuli ilipoanza usiku mmoja, kulikucha stesheni imekuwa uji na mlima umelalia reli. Mwanawe wa miaka 11 aliikusanya treni yake, akaifungia sandukuni, na tangu siku hiyo hataki kusikia habari za reli. Mama anauliza: ni rangi gani atakayopaka safari hii ili maji yasiingie?

Jibu langu huenda lisimfurahishe mwenye duka la rangi. Hakuna rangi hiyo. Kitu kinacholala nje mwaka mzima kitaingiwa na maji tu, kama si kwa mvua basi kwa umande, na kama si kwa paa basi kwa chini. Wajenzi wa kazi hii hawashindani na kila tone. Wanachofanya ni kuhakikisha kwamba maji yakishaingia yana mahali pa kutokea, na kwamba jua na upepo vitafika ndani kukausha. Nyumba iliyozibwa kabisa huoza kutoka ndani. Treni jioni hurudi chumbani, lakini stesheni hulala nje, kwa hiyo ni lazima ijengwe kwa hesabu tofauti kabisa na ile ya mezani.

Na kazi yenyewe si ngeni. Mwaka 1929, mhasibu mmoja wa London aitwaye Roland Callingham alifungua kijiji cha mfano katika bustani yake mjini Beaconsfield, kikiwa na reli yake, na kijiji hicho cha Bekonscot kingali kinatembelewa na watoto. Mjini The Hague, Uholanzi, kuna Madurodam, mji mzima wa mfano uliofunguliwa mwaka 1952. Kisha mwaka 1968 kampuni ya Ernst Paul Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ikaanza kuuza treni za LGB, zilizotengenezwa ziweze kutembea nje, mvuani na hata thelujini. Bila shaka hizo ndizo, au jamaa zake, zilizofika Buru Buru.

Kuna jambo litakalompendeza babu. Reli za LGB zina upana wa milimita 45 kutoka reli moja hadi ya pili, nazo vitu vyake hupunguzwa mara 22.5. Sasa enyi wanafunzi, chukueni kikokotoo. Reli ya zamani ya Kenya, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja. Gawanyeni milimita 1,000 kwa 22.5. Mtapata 44 na kitu, yaani ile ile 45 ya Wajerumani. Reli ya babu inakaa sawasawa juu ya reli ya mjomba! Anayetaka kuigiza SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na ambayo upana wake ni milimita 1,435, anaweza kutumia reli hizo hizo, lakini itambidi apunguze vitu mara 32. Chagueni moja, kwa sababu mtu wa kipimo kimoja akisimama kando ya nyumba ya kipimo kingine hata mtoto wa chekechea atacheka.

Kwa kipimo cha babu, mtu wa futi tano na inchi nane ana sentimita 7.7. Mlango wa mita mbili una sentimita 9 kasoro kidogo. Injini zile kubwa za mvuke za aina ya 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki (mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi), zina urefu wa karibu mita 32. Ukiitengeneza moja kwa kipimo hiki itapata mita 1.4. Si kazi ya kuanzia.

Lakini yuko mmoja asiyepunguzwa, naye ni mvua. Tone kubwa la mvua ya Aprili lina upana wa milimita nne hivi. Kwa watu wadogo wa stesheni yako hilo ni kama chungwa linaloanguka kutoka mbinguni, na machungwa yenyewe hayahesabiki. Wale wa Limuru na Kericho wanaopata mvua ya mawe wajue kwamba jiwe la sentimita moja ni kama mpira wa kandanda. Nairobi hupata milimita 1,000 hivi za mvua kwa mwaka, nyingi zikimwagika Machi hadi Mei, na nyingine Oktoba hadi Desemba. Ndiyo sababu huwezi kulinakili paa la kweli, ukalipunguza na kutegemea lifanye kazi ile ile. Paa la mfano lipe ukingo mrefu kuliko ule wa kweli, angalau sentimita mbili na nusu nje ya ukuta. Macho hayatalalamika.

Kabla ya paa lakini kuna ardhi, nami naona wengi huiruka. Mnaoishi sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa jiji mna ule udongo mweusi wa pamba. Mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hupasuka nyufa zinazomeza kidole. Ukitandaza reli na stesheni juu yake moja kwa moja, baada ya msimu mmoja behewa litapanda na kushuka kama mashua. Wa Westlands na Kiambu wenye udongo mwekundu wana nafuu, ila wao udongo huruka mvua ikipiga, na kuta nyeupe huwa nyekundu hadi madirishani.

Dawa ya wote wawili ni kuinua. Jengeni kitanda cha mawe ya machimbo, kozi mbili au tatu, kimo cha kama nusu mita. Chini jazeni matofali yaliyovunjika, juu yake kokoto, kisha udongo mwekundu mahali patakapopandwa mimea na vumbi la mawe mahali patakapopita reli. Acheni nafasi kati ya mawe ya kozi ya chini, bila saruji, maji yatoke. Kokoto za chini ya reli ziwe zile zilizopondwa zenye pembe, si za mto zilizo mviringo, kwa maana zenye pembe hushikana na zile za mto huteleza. Duara dogo kabisa la reli za LGB lina upana wa mita 1.2 hivi, kwa hiyo kitanda cha mita moja na nusu kwa kila upande kinatosha kuanzia, hata katika ua wa ploti. Na kitanda kilichoinuliwa kina faida ambayo vitabu vya ng'ambo huitaja kwa ajili ya mgongo wa mjenzi, nami naitaja kwa ajili ya babu: anaweza kuketi kitini na macho yake yakawa karibu na jukwaa.

Kitanda kikishakamilika, msijenge kitu. Leteni mtungi wa lita 20 uliojaa maji, mmwage polepole upande ambako mlima utakaa, na watoto wafuate maji kwa macho. Yanaelekea wapi? Yanatuama wapi? Wekeni vijiti. Pale maji yanapopita yenyewe, hapo ndipo mto wenu. Na mto huo usiwe wa maji ya kudumu. Dimbwi uani ni mwaliko kwa mbu, ambao kwa joto la kutosha hukua kutoka yai hadi kuruka katika muda wa siku kumi hivi, na pia ni hatari kwa mtoto anayetambaa. Mimi napenda ule mto mkavu wa mchanga kama ilivyo mito mingi ya Ukambani: mchanga mweupe, mawe machache ya mviringo, kichaka ukingoni. Siku nyingi mwaka mzima ni mandhari tu. Mvua ikija unakuwa mtaro wa kweli, na watoto watakimbilia dirishani kuutazama ukifurika chini ya daraja lao.

Pale reli inapovuka mto juu ya tuta, wekeni kalvati, na isiwe ya mapambo. Kipande cha bomba la inchi mbili kitafaa, midomo yake ikizungushiwa mawe. Hapa sina budi kugusa jambo zito kidogo. Januari 1993, mafuriko yalilivunja daraja la reli la Ngai Ndethya kwenye njia ya Nairobi na Mombasa, treni ya abiria ikatumbukia mtoni, na watu zaidi ya 100 wakafa. Aprili 29, 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani yalilipasua na kuwashukia watu wakiwa wamelala. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta hilo ilikuwa imezibwa na takataka. Makumi ya watu walipoteza maisha. Watoto wa mjini hupita juu ya kalvati kila siku bila kujua kazi yake. Mtoto ambaye kila Jumamosi ameinama kutoa majani kwenye bomba la inchi mbili, na siku moja akasahau, akaona tuta lake limebebwa, anaelewa. Kazi ya kusafisha kalvati mpeni yule wa miaka 11, iwe yake peke yake, naye apewe cheo.

Sasa mlima. Sahauni magazeti na ile plasta nyeupe ya dukani. Vyote hunywa maji vikalegea. Lile povu jeupe linalofungiwa televisheni halioi, lakini jua hulisaga likawa unga. Njia ya kale ndiyo bora. Lundikeni mawe na udongo, mushindilie vizuri, juu yake mkunje waya wa kuku kufuata umbo la mlima. Chovyeni vipande vya gunia la katani katika uji wa saruji, mvitandaze juu ya waya. Vikishika, pakeni mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa tatu za mchanga uliooshwa, unene usipungue sentimita moja na nusu. Unene huo si wa nguvu tu. Waya ukikaribia uso wa saruji utapata unyevu, utashika kutu, na kutu huvimba ikaibandua saruji vipande vipande. Pale chini mlima unapokutana na ardhi, pitisheni magamba ya biro kuukuu kila baada ya sentimita 15, mlalo ukielekea nje. Ndiyo, biro za shule. Kila gamba ni mfereji wa kutoa maji yaliyonaswa ndani ya mlima.

Wengi hudhani saruji hukauka. Saruji haikauki, huiva, na huiva kwa kunywa maji taratibu. Ikianikwa juani siku ya kwanza hubaki changa na kupasuka. Ifunikeni kwa gunia mbichi, muinyunyizie asubuhi na jioni kwa siku saba. Wala msiikoroge kwa maji mengi ili iwe laini kupaka, kwa kuwa maji ya ziada yakiondoka huacha vitundu, na vitundu hivyo ndivyo milango ya mvua. Watoto wavae glavu. Saruji mbichi huchoma ngozi polepole bila mtu kuhisi mapema.

Kwa majabali ya Bonde la Ufa sihitaji kuwafundisha uchongaji mgumu. Lile jiwe jepesi lenye vitundu ambalo mama zetu husugulia visigino ndilo lava ya kweli ya nchi hii. Kandokando ya Longonot na Naivasha limejaa. Huchongwa kwa kisu kikuukuu, huelea majini likiwa kavu, na baada ya msimu mmoja kivulini huota ukoga wa kijani ambao hakuna brashi inayoweza kuuigiza. Katika nchi za baridi mjenzi huogopa mawe ya aina hii, kwa sababu maji yakiganda ndani yake hutanuka kwa kiasi cha asilimia tisa na kulipasua. Nairobi haina baridi ya kiasi hicho. Hapa tumewapita Wajerumani.

Rangi ya mlima itiwe ndani ya mchanganyiko wa mwisho, si juu yake. Tumieni ule unga wa oksaidi, nyekundu au nyeusi, unaotumika kwenye sakafu. Ukikwaruzika, chini yake ni rangi ile ile.

Tufike kwenye stesheni yenyewe. Kwanza mketisheni babu na kumwuliza. Mlango ulitazama wapi? Tangi la maji la injini za mvuke lilikuwa upande gani? Kibao cha jina kilikuwa kimeandikwa nini zaidi ya jina? (Kwenye reli ile vibao vingi vilionyesha pia kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari na umbali hadi Mombasa, na watoto wengi hawajui.) Mandhari nzuri haitokani na wingi wa vitu. Afadhali nyumba moja, tangi moja na kibao kimoja ambavyo babu atavitambua, kuliko mji mzima usio wa mtu yeyote.

Kwa kuta, nenda kwa wale mafundi wanaotengeneza mabango ya biashara, uwaombe mabaki ya ubao wa foreksi. Ni plastiki ngumu yenye povu ndani, nyeupe, unene wa milimita tano hivi. Hukatwa kwa kisu, haiozi, haivimbi, na mchwa hawana haja nayo. Mafundi hutupa vipande ambavyo kwako ni stesheni tatu. Gundi yake si ile nyeupe, ambayo hurudi kuwa maziwa ikinyeshewa. Ni ile ya mafundi wa mabomba ya plastiki, inayouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi. Huyeyusha kidogo pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Harufu yake ni kali, kwa hiyo kazi ifanyike nje, na mtu mzima ndiye ashike brashi. Mabaki ya foreksi msiyachome na takataka, moshi wake ni sumu. Anayependelea mbao atafute mtarakwa, ambao mafundi wa ua wanajua jinsi unavyodumu ardhini, na apake rangi pande zote: nje, ndani, na hasa kwenye ncha zilizokatwa, kwa sababu ubao hunywa maji kwa ncha kama mtu anavyonywa kwa mrija.

Paa la mabati litatokana na mkebe wa soda wa alumini. Fungua mkebe kwa makasi (mzazi huyo, maana kingo zake ni wembe), unyooshe, uulaze juu ya gazeti zito, kisha mtoto apige mistari kwa biro iliyokwisha wino akitumia rula, upande huu halafu upande ule. Bati la kweli lina mgongo mmoja kila inchi tatu, kwa hiyo kwa kipimo chetu mistari iachane kwa milimita tatu na nusu hivi. Alumini haishiki kutu nyekundu. Ila isigusane na saruji mbichi, kwani huliwa. Chini ya ukingo wa paa, nusu sentimita kutoka mwisho, chora mfereji mwembamba kwa msumari au gandisha uzi wa waya kuuzunguka. Bila hiyo tone hutambaa chini ya paa hadi ukutani. Likikutana na mfereji huanguka. Tazama chini ya kizingiti cha dirisha la nyumba yako na huenda ukaukuta mfereji huo huo.

Nyumba isiwe na sakafu. Watu hunishangaa nikisema hivi, lakini hili ndilo lililo muhimu kuliko yote katika barua ya leo. Iache wazi chini, uisimamishe juu ya jiwe bapa lililozungukwa na kokoto, ikae kwenye vichwa vinne vya skrubu za shaba ili iinuke milimita mbili tatu. Chini ya paa toboa matundu na uyazibe kwa kipande cha wavu wa dirisha, la sivyo nyigu watajipa makao. Hewa itaingia chini na kutokea juu. Hata ikinyeshewa usiku kucha, saa nne asubuhi imekauka. Ili upepo usiibebe, pitisha waya mbili za mabati ndani ya kuta hadi kwenye matundu ya jiwe. Siku ya kusafisha unaichomoa tu.

Kokoto zile za kuizunguka zina kazi ya pili: huvunja nguvu ya matone, udongo usirukie kuta.

Madirisha yawe ya glasi ya plastiki ngumu, ile ya mafundi wa mabango tena. Plastiki ya chupa hugeuka manjano na kuvunjika. Na hapa ndipo mahali pa kusema kwamba huenda jua letu ni adui mkubwa kuliko mvua. Nairobi iko karibu na Ikweta, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, na mara mbili kwa mwaka jua hupita utosini kabisa. Plastiki iliyokusudiwa jua la Nuremberg inapokuja hapa hukutana na jua jingine. Nyumba za kununua zisizopakwa kitu hufifia na kuwa dhaifu. Zipakeni rangi. Katika kuchagua rangi, kumbukeni kwamba nyekundu za kung'aa nyingi hugeuka waridi upesi, lakini nyekundu iliyotokana na oksaidi ya chuma, ile ya paa kuukuu na sakafu, hukaa. Kwa bahati njema ndiyo inayofaa stesheni. Someni mkebe pia, mchague rangi isiyo na madini ya risasi, maana mikono ya watoto huishia mdomoni.

Watu wa jukwaani wafinyangeni kwa ile epoksi ya vipande viwili ambayo mafundi hukanda kuzibia mabomba, juu ya mifupa ya waya, mikono ikiwa na glavu. Mama mwenye karai la ndizi, kijana wa mayai ya kuchemsha, karani mwenye bendera ya kijani. Wakishakuwa wagumu wapakwe rangi, na waya mmoja utokeze mguuni kuwachomeka chini.

Miti isinunuliwe wala kutengenezwa. Pandeni. Thaimu na rosmari zikikatwakatwa huwa vichaka vya kupendeza, na jikoni zitafaa. Kwa mbuyu wa Tsavo hakuna kinachoshinda adeniamu, ile ambayo wauza miche kando ya barabara huiita desati rozi: shina limevimba chini, matawi machache juu, na ni mmea wa nchi hii hii. Lakini utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliutumia kwenye mishale. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo pandeni mmea mwingine wa majani manene usio na sumu. Hali kadhalika mnyaa, ambao utomvu wake huumiza macho vibaya. Nyasi za kikuyu msizikaribishe hata kidogo. Hazina adabu. Katika masika moja zitafunika reli na mkuu wa stesheni. Kizuizi cha bati kilichozikwa sentimita 20 kuzunguka kitanda ndicho kinachozisimamisha, nacho kikaguliwe.

Kuhusu umeme nasema kwa ufupi. Reli hizi hutumia volti zisizozidi 24, lakini kile kisanduku kinachopunguza umeme wa ukutani wa volti 240 kibaki ndani ya nyumba daima. Waya mwembamba wa kwenda relini ndio utoke. Mvua ikianza, chomoeni.

Najua kuna wanaosoma wakisema, sisi hatuna mjomba Ujerumani. Treni hizi ni ghali, sitaficha. Lakini ukiangalia yote niliyoyataja, karibu kila kitu ni mabaki, na mandhari haihitaji kumngoja mjomba. Vijana wetu wanaotengeneza magari ya waya wanaweza kutengeneza behewa la waya na mikebe, likavutwa kwa uzi juu ya reli za vyuma vyembamba kutoka Gikomba. Klabu ya shule inaweza kuchukua kona moja ya uwanja, darasa moja likajenga daraja na lingine stesheni. Sharti ni lile la kipimo kimoja tu, na kalvati.

Kazi ianze msimu wa kiangazi, Januari au mwishoni mwa Juni, saruji iwe imeiva kabla ya mvua. Mvua kubwa ya kwanza ikipita, nendeni uani wote na daftari. Andikeni wapi maji yalituama, ukuta upi ulirukiwa na udongo, paa lipi lilivuja. Toboeni tundu, ongezeni kokoto, refusheni ukingo. Jumapili ijayo tutatazama namna ya kuitia stesheni taa ndogo za betri, na nitajibu swali la mwanafunzi wa Nakuru kuhusu kutengeneza ishara ya reli inayoinuka na kushuka.